Kuchemsha hakuondoi zebaki

Dada, umesema kisima chenu huko Geita kiko jirani na makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na mwalo wa kuoshea dhahabu, maji hayana rangi wala harufu, na shemeji anaona kuyachemsha kunatosha. Hapo shemeji kakosea. Moto unaua vijidudu. Metali zenye sumu kama arseniki, risasi (lead, siyo ya bunduki) na zebaki hubaki palepale, tena maji yakipungua kwa mvuke, zinazidi kukolea sufuriani. Na arseniki hutoka hata kwenye mwamba wenyewe wenye dhahabu, kwa hiyo msimlaumu mwenye karasha kabla ya majibu.

Nenda maabara ya Wizara ya Maji, Mwanza. Usiseme tu "nataka kupima maji", utapimiwa chumvi na vijidudu urudi umeridhika bure. Taja metali kwa majina: arseniki, risasi, zebaki, kadimi. Chupa uombe kwao (ya soda hapana, hata ukiiosha mara kumi). Ya metali mara nyingi huwa na matone ya asidi, usiisuuze. Pampu kwanza dakika tano hivi, ukinge palepale kisimani, siyo kwenye simtanki. Ya vijidudu ni chupa nyingine, iende kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita kwa arseniki, 10 kwa risasi, 6 kwa zebaki. Mkisubiri majibu, watoto wanywe maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo.