Kunakili picha ya Van Gogh ili kujifunza sura

Mdogo wangu, umeuliza kama kunakili kazi ya mchoraji mkubwa ni wizi, na kwa nini sura ya bibi yako inatoka imekauka kama picha ya kitambulisho. Si wizi, mradi uandike nyuma yake kwamba ni nakala, na ni ya nani. Van Gogh mwenyewe, yule mchoraji Mholanzi, alipokuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, mwaka 1889, alinakili kazi za mchoraji Mfaransa Millet kutoka chapa za nyeusi na nyeupe, rangi akajitungia.

Chukua picha aliyojichora mwaka huohuo, ile yenye mawimbi ya buluu nyuma ya kichwa. Ikuze kwenye simu, utazame shavu tu. Brashi inafuata mfupa, na penye kivuli kuna kijani, si nyeusi! Uhai wa uso umo humo. Nakili kipande hicho mpaka mkono uzoee, ndipo uende kwenye jicho. Na tafadhali usilainishe kwa kidole, ukilainisha umeua.

Turubai la dukani ni ghali. Gunia la unga la kitambaa, lifue, livute kwenye fremu ya mbao, lipake rangi nyeupe ya ukuta. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu, Kongo, juu ya magunia ya unga, hapahapa Lubumbashi, miaka ya 1970.

Kisha funga simu, mketishe bibi karibu na dirisha. Mipigo ya brashi iwe ileile, ila rangi ya nyuma uitoe kwenye kitenge chake.