Jua letu halizami baharini

Mhariri, asalaam aleikum. Swali lenu la wiki hii mumeuliza, "Ukikwama kwenye kazi yako ya ubunifu, ni picha au filamu gani kubwa unayoitazama ikupe mawazo mapya?" Nimelisoma jikoni nikisubiri chai ichemke, nikaona hili lazima nilijibu na si kwa mistari miwili, manake ndilo linalonigombanisha na wateja kila wiki.

Mimi hupiga video za harusi, upande wa wanawake. Wa Mombasa wanaijua hii kazi ilivyo, mwanamume haingii, simu zinaachwa mlangoni, kwa hivyo mwenye kamera ni mmoja tu na akikosea hakuna mwenye klipu nyingine ya kumsaidia. Nina miaka 14 kwenye kazi hii.

Jibu langu la kwanza lilikuwa hakuna. Sitazami. Na wasichana wanaonisaidia nawaambia wasitazame. Sababu ntawapa. Mwezi uliopita amekuja msichana anaolewa, yeye na mamake, akanionyesha foto ya Instagram, mtu na mumewe wamesimama ufuoni na jua kubwa jekundu linazama baharini nyuma yao. Anataka hiyo hiyo, Nyali. Nikamwambia mwanangu, bahari ya Nyali iko mashariki. Jua letu linatoka baharini, halizami baharini, jioni linaangukia bara, huko Changamwe na Mazeras. Mtoto amezaliwa Mombasa, amekulia Kisauni, kila Idi yuko ufuo wa Pirates anaogelea, na hilo hajawahi kuliona, kwa sababu macho yake yanaangalia bahari za watu wengine.

Halafu hiyo saa ya dhahabu wanayoisema kila mahali, ule mwanga laini wa jua likiwa karibu kutua. Kuna filamu ya Kimarekani ya 1978, Days of Heaven, mpiga picha wake alikuwa Néstor Almendros, sehemu kubwa waliipiga jua likishatua na giza halijaingia, huko Alberta, Canada, na ikampa Oscar. Sawa, lakini kule kaskazini jua linashuka mshazari, linachukua muda wake. Sisi tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, jua letu linaanguka wima kama dafu, ukisikia adhana ya magharibi ukainama kufunga tripodi, ukiinuka ni usiku. Ukiifuata ile filamu hapa utabaki na biharusi mweusi tii na deni la gari la maua.

Na kuna la ngozi, ambalo linaniuma zaidi. Kodak, kampuni ya filamu za kamera, kwa miaka mingi waliwapelekea wenye maabara za kusafisha picha kadi yenye foto ya mwanamke mzungu, hiyo ndiyo ya kupimia rangi, yeye akitoka vizuri basi mashine iko sawa. Sisi tukatoka tunavyotoka. Foto za rangi za zamani nyumbani kwetu, wajomba zangu wamesimama kwenye mlango wenye jua na unachoona ni meno na kanzu. Foto nzuri kuliko zote tulizonazo ni ya mamangu kabla hajaolewa, nyeusi na nyeupe, ya studio ya hapa hapa mjini, enzi zile wapiga picha kina Parekh wanapiga watu wa Mombasa mmoja mmoja kwa taa na subira. Mashavu ya mamangu kwenye ile foto unaona jinsi yalivyojaa. Kwa hivyo nilikuwa nakuja kuwaambia, waacheni hao wakubwa, angalieni ukuta wenu wa nyumbani mwanga unapoingia saa nne asubuhi, mtosheke.

Lakini nimeandika mpaka hapa na kuna harusi moja imenijia na haitoki, na nikiwa mkweli inanipinga.

Ilikuwa 2016, nyumba ya zamani Kibokoni, ghorofa ya pili, usiku wa hina. Nyumba zile mnazijua, kuta nene, madirisha madogo, ngazi unapanda ubavuubavu na begi kifuani. Nilikuwa na kamera moja, lenzi mbili, na taa ya LED ya kubandika juu ya kamera na betri zake mbili, moja nilikuwa sikuichaji. Sikuwa na wasiwasi manake chumba kilikuwa na mataa mengi, bomba nyeupe za ukutani na zile ndogondogo za mapambo. Kina mama wamejaa mpaka kwenye ngazi, vugo, ile ngoma yetu ya kina mama, limeanza, pembe zinalia, udi umetanda, biharusi amewekwa kati juu ya godoro, miguu kainyoosha anapakwa, shangazi yake anamfunga kikuba kwenye nywele, asmini na rehani unaisikia harufu yake kutoka mlangoni. Saa tatu na kitu stima ikapotea, mtaa mzima.

Vugo halikusimama. Hili nalikumbuka kuliko yote, pembe ziliendelea vilevile gizani, watu wakacheka kidogo, mmoja akapiga kigelegele, wimbo ukaendelea. Aliyesimama ni mimi. Nikawasha taa yangu, ikadumu dakika kama nane, ikafa. Nikauliza jenereta, hakuna. Tochi za simu hakuna pia, simu zote ziko kwenye kapu chini kwa jirani, ndiyo ilikuwa sharti ya mamake biharusi mwenyewe. Wakaanza kuleta mishumaa, kwanza miwili kwenye kisahani, halafu kandili kutoka jikoni, halafu mishumaa mingine ikasimamishwa kwenye sinia ya shaba iliyokuwa na bakuli la hina, na mmoja juu ya kabati. Basi. Mwanga wote wa harusi ndio huo.

Nikavalisha lenzi ya milimita 50, ile ambayo tundu lake linafunguka mpaka 1.8, na namba ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa, nikaifungua mwisho, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, mpaka 6400, haitoshi, 12800, skrini ikajaa chenga kama TV ya zamani isiyoshika stesheni. Na tundu likiwa wazi vile fokasi inakuwa nyembamba, ukishika jicho sikio limeshapotea. Biharusi akitikisa kichwa tu nimemkosa. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia mwanangu tulia, usiniangalie mimi, tulia hivyo hivyo. Akatulia.

Hapo ndipo nyanyake akaja. Mtu mzima sana, kajitanda leso, watu wakampisha, akaketi chini kwa taabu, mimi na kamera yangu kama hatupo. Akachukua mshumaa mmoja kwenye sinia akauinua mpaka usoni kwa mjukuu wake, karibu kabisa, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Hakusema neno. Akamtazama paji la uso, akamtazama masikio na zile herini, akaushusha mshumaa mpaka mikononi akaifuata hina kidole kwa kidole mpaka kwenye kucha, akaugeuza mkono akaangalia kiganja, akarudi usoni tena. Na mwanga unakwenda naye. Akiusogeza uso wa biharusi unatoka gizani nusu halafu unarudi, na uso wa nyanya mwenyewe unamulikwa kutoka chini, mikunjo yote, na nyuma yao hakuna chumba, hakuna watu, kuna sauti za pembe tu. Dakika tatu na sekunde kumi na saba, klipu ninayo. Mwisho akautia nta kidogo ukingo wa sinia, akausimamisha mshumaa pale, akashika kichwa cha mtoto akakisomea.

Nikarudi nyumbani nikalia, na nililia kwa hasara. Nilijua nimeiharibu harusi ya watu. Wiki mbili nimekaa naiediti, nikapandisha mwanga kwa programu, giza likawa kijivu, chenga zikazidi, ngozi zikawa rangi ya simiti, ikafanana na kamera ya ulinzi ya dukani. Nikapeleka hivyo hivyo. Mamake biharusi akaitazama mbele yangu akanambia, hili giza ndilo nililolilipia? Salio sikupewa na wallahi nilimwona ana haki, mimi mwenyewe nisingelipa. Klipu ya asili ikabaki kwenye diski, nikaandika juu yake kwa kalamu "mbovu".

Miaka mitatu. Halafu 2019 mpwa wangu, alikuwa anasomea mambo ya filamu Nairobi, kaja likizo na laptopu yake, akanambia khalati njoo tazama kitu. Filamu ya Barry Lyndon, ya mwongozaji Stanley Kubrick, 1975, hadithi ya kijana wa Ireland zama za zamani huko Ulaya, ndefu, mwanzo nilikuwa nasinzia. Ikafika watu wamekaa mezani wanacheza karata usiku, mishumaa mitupu, nyuso zinatoka gizani rangi ya asali. Nikakaa sawa. Nikamwambia rudisha nyuma. Akanieleza kwamba hakuna taa nyingine pale, Kubrick alitafuta lenzi za Zeiss zilizotengenezewa NASA kwa picha za mwezini, 50 kama yangu, lakini tundu lake ni 0.7, ambalo kwa hesabu linaingiza mwanga zaidi ya mara 6 kuliko la kwangu. Mishumaa yenyewe ilikuwa ya tambi tatu ili iwake zaidi. Na waigizaji ilibidi wakae wametulia manake fokasi ilikuwa nyembamba mno, mtu akiinama kidogo amepotea. John Alcott, mpiga picha wake, akapata Oscar.

Aliposema kuhusu kutulia nikainuka nikaenda kutafuta diski.

Nikaifungua ile klipu ya asili, sikuigusa kitu, sikuipandisha mwanga. Haikuwa kijivu. Giza lilikuwa giza, vile inavyotakiwa, na ndani yake mna watu wawili na mshumaa mmoja. Chenga zipo, nyingi, sitasema ni kama ya Kubrick, yeye alikuwa na lenzi za mwezini na mimi nilikuwa na ya kununua mkono wa pili Biashara Street. Lakini mpwa wangu alinyamaza, na yule ni mtoto wa maneno mengi. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga nilikuwa nacho miaka mitatu nimekiandika mbovu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona popote kwamba giza linaruhusiwa.

Kwa hivyo sijui niwaambieje sasa. Nilianza nikisema msiwatazame wakubwa, na hapa nimeshajipinga. Nikiwaza, ningeiona ile filamu kabla ya usiku ule, pengine ningekuja na mishumaa yangu ishirini, ningemwambia nyanya kaa hapa, shika hivi, inua kidogo, rudia, na asingemtazama mjukuu wake vile, angekuwa ananitazama mimi. Lakini nisingeiona kabisa, ile klipu ingekufa kwenye diski. Nafikiri filamu za wakubwa mawazo hazikunipa, mawazo yalikuwa ya nyanya na ya stima iliyopotea. Zilinipa ujasiri wa kuamini nilichokiona kwa macho yangu.

Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, alisema picha moja ndiyo iliyomwasha, ya mpiga picha mwenzake Martin Munkácsi, wavulana watatu weusi wanayakimbilia mawimbi, migongo kwetu. Mimi nikiiona naona watoto wetu wa Likoni na wa pale Mama Ngina wanavyojirusha. Lakini angalia alichofanya baada ya hapo, hakwenda kutafuta wavulana wengine watatu na mawimbi mengine, alichukua kamera yake ya Leica akatoka barabarani kupiga watu wake wanaoruka madimbwi. Na Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio 1948, pazia lake la kwanza la nyuma ya wateja lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Hawa nimeanza kuwaonyesha wasichana wangu. Juzi mmoja ametundika leso ya mamake dirishani ikachuja jua la saa nane, uso wa mteja ukatoka laini bila hata taa, sikumfundisha mimi.

Basi jibu mulilouliza, kama mwataka jina, andikeni Barry Lyndon, meza ya karata, na mtu aitazame mara moja kwa mwaka, akiwa ameshapiga cha kwake, si asubuhi ya kazi. Na asimwonyeshe mteja. Hili la mwisho sina hakika nalo, pengine wateja nao wakionyeshwa zinazofaa wataacha kuniletea jua la kuazima.

Ile klipu msiniombe, siwezi kuwatumia wala kuiweka popote, wamo kina mama bila buibui na niliaminiwa kuingia. Nilimpelekea biharusi mwenyewe kwenye flashi diski, bila kuiediti, na salio sikulidai.

Na yule msichana wa Nyali nimempigia jana. Nimemwambia kama anataka jua na bahari kwenye foto moja aje ufuoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, tusubiri, litatoka mbele yetu kwenye saa kumi na mbili na dakika zake, na tutakuwa na robo saa hivi kabla halijawa kali. Mamake anasema wa kumpamba itabidi aamshwe saa nane usiku. Bado wanashauriana.