Tango la Kutafuna Si Mtoto wa Tango la Kachumbari

Mara ya kwanza kupanda matango kwenye balkoni yangu, ghorofa ya nne hapa Umoja, Nairobi, niliambulia maua tele na tango moja, tena lililopinda kama ndoano. Zilikuwa mbegu za kawaida, za lile tango refu la kachumbari. Kila asubuhi nilikuta vitango vya urefu wa kidole gumba vimegeuka manjano na kunyauka. Nikalaumu udongo, nikalaumu samadi, hata jirani wa juu anayemwaga maji ya kufulia hakusalimika. Kumbe nyuki hawakuwa wakipanda mpaka huko kwangu.

Tango la kawaida lina maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja. La kike utalitambua kwa kitango kidogo kilicho nyuma yake, na bila chavua, ule unga wa ua la kiume ambao nyuki huubeba, kitango hicho hakikui. Unaweza kuwa nyuki mwenyewe: asubuhi chuma ua la kiume, ng'oa petali zake, kisha uligusishe katikati ya lile la kike. Nilifanya hivyo kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Yalizaa, lakini nilikuwa nachelewa matatu kila siku.

Ndipo nikahamia matango madogo ya kutafuna. Aina nyingi za matango haya hutoa karibu maua ya kike matupu, na tunda hukua bila chavua yoyote. Ndiyo sababu ndani huoni mbegu za maana. Ngozi ni nyororo, hulimenyi; unalisuuza na kutafuna.

Wengi hudhani ni tango la kawaida lililochumwa likiwa changa. Nilidhani hivyo pia, nikachuma yangu marefu mapema: ngozi ilikuwa na vimiba na ladha ilikuwa ya maji tu. Udogo wa haya umo kwenye mbegu yenyewe. Kwa hiyo, dukani usiombe tu "matango madogo", maana yapo pia madogo ya kutia achari, na mengi ya hayo bado yanahitaji nyuki. Soma pakiti ikuambie kwamba yanazaa bila kuchavushwa. Mbegu hizi ni chotara na bei yake inauma; mimi hupanda moja moja, sitawanyi.

Mmea mmoja unatosha ndoo moja ya lita 20 iliyotobolewa chini. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, fukia mbegu kama sentimita 2, kisha funga kamba ya katani kutoka kwenye ndoo hadi juu ili mmea uparamie. Mimi hukwepa Juni na Julai, kwani baridi ya Nairobi huufanya mmea udumae. Kwenye joto, mavuno huanza kama siku 50 hivi baada ya kupanda. Majani yakipata unga mweupe, huo ni ubwiri unga: yakate, usogeze ndoo zipate hewa.

Maji ndiyo kesi ngumu kwa sisi wa mgao. Mmea ukikauka leo na kufurika kesho, matango huwa machungu na kupinda. Heri kidogo kila asubuhi kuliko mtungi mzima Jumamosi. Siku mabomba yamekauka, maji niliyosuuzia mboga huenda kwenye ndoo.

Jambo la kushika zaidi ni kuchuma. Tango la kachumbari linaweza kukusubiri siku kadhaa, lakini hili halisubiri. Likifika sentimita 10 hivi, kata kwa mkasi, usivute. Pasaka moja nilienda ushago siku tano. Niliporudi nilikuta mengine yamenenepa kama chupa za soda, mengine yameanza kuwa manjano, na mmea umepunguza kutoa maua. Ulishajiona umemaliza kazi. Niliyachuma yote, nikatupa yaliyoharibika, na wiki mbili zikapita kabla haujarudia kuzaa vizuri. Sasa nikisafiri, namwachia jirani (yule yule wa maji ya kufulia) ufunguo na ruhusa ya kula anayochuma.

Yaliyozidi nilimpelekea mama mboga wa hapa chini. Aliyageuza-geuza, akasema mteja akiona tango fupi hivi atadhani limekosa mbolea. Basi huenda kwenye mikebe ya chakula cha shule, na jioni hurudi mikebe mitupu.