Ng'ombe wawili hawajafika, je, mimi ni mke?

*Shangazi, nina miaka tisa na baba wa wanangu wawili hapa Nkuhungu, Dodoma. Mahari ilikuwa ng'ombe sita. Wanne walifika kwetu Bahi, mjomba akawapokea, wawili hadi leo ni hadithi. Jumapili nimesikia anatangazwa kanisani na mwingine. Ananiambia mimi ni hawara, nitoke na nguo zangu, wakati bati za nyumba nilinunua kwa pesa za kikoba na risiti ninayo. – Mama Wawili*

Mama Wawili, usifungashe hata sufuria.

Yaani ng'ombe kawanyima yeye, halafu anakufukuzia hao hao! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimbebi: mahari isiyokamilika haibatilishi ndoa. Wazee walikaa, wakapokeana, mila za Kigogo zikafuatwa? Basi hiyo ni ndoa ya kimila. Mlitakiwa kuisajili ndani ya siku 30, hamkufanya, kama wengi wetu. Haivunjiki kwa hilo.

Akikana hata kikao cha wazee, kuna kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama huchukulia kuwa wameoana. (Scotland nako walikuwa na ndoa ya namna hiyo mpaka 2006, kwa hiyo asikwambie ni mambo ya kijijini.) Lakini ni dhana tu, naye anaruhusiwa kuipinga kwa ushahidi.

Kwa hiyo tafuta wanaokujua. Mama mkwe alikuita mkamwana mbele za watu? Kwenye msiba wa kwao ulilala jikoni na wake wengine wa ukoo? Kadi ya kliniki, fomu ya shule, balozi, jirani wa ukuta mmoja: wote hao ni ushahidi.

Nyumba ni ya baadaye kidogo. Pitia baraza la usuluhishi la kata, kisha Mahakama ya Mwanzo. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani inakubali kuwa kupika na kulea ni mchango katika mali. Wewe juu ya hayo una na risiti ya zile bati za pesa za kikoba.

La haraka ni kanisa. Taarifa ya ndoa hukaa siku 21, na mwenye pingamizi huruhusiwa kulitoa. Aliye kwenye ndoa ya kimila hawezi kufunga ndoa ya mke mmoja, kama hiyo ya kanisani, na mwanamke mwingine. Andika barua kesho asubuhi, mpelekee mchungaji mwenyewe mkononi, uombe akusainie nakala. Nenda na yule mjomba aliyepokea ng'ombe wanne.