Eti Tesla ajali zimepungua asilimia 40?

Swali: Kaka mhariri, shemeji yangu yuko Marekani, anasema Tesla ikiwekewa Autosteer, ule mfumo wa kushika usukani wenyewe, ajali zinapungua asilimia 40 na serikali ilishathibitisha. Niamini?

Jibu: Dada, subiri kwanza. Kweli 2017 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani kule, iliitaja hiyo 40, ila 2019 Quality Control Systems, kampuni ya utafiti wa takwimu, wakazichimba data zilezile wakakuta kati ya magari 43,781 ni 5,714 tu yenye rekodi kamili ya maili kabla na baada ya mfumo. Na hayo yenye rekodi, kiwango cha ajali kilipanda asilimia 59! Sasa kiwango ni ajali kugawanya kwa maili; ajali unayo, maili huna, unagawanya kwa kitu gani? Hapo ndo inaniuma, watu wanaachia usukani kwa hesabu kama hiyo. Mwambie shemeji asiachie mikono.