Tausi: operesheni niliyokubali na ile niliyokataa

Mbwa wangu Tausi aliumwa sana mara mbili uzeeni, akiwa na miaka 11 na tena akiwa na 13, na mara zote mbili dokta wa mifugo akaniambia operesheni kubwa inawezekana. Ya kwanza nilikubali, ya pili nikakataa, na mpaka leo watu wananiuliza mbona ile ulitoa hela hii hukutoa, kwahiyo naandika kwa ajili ya yeyote ambaye usiku huu amekaa pembeni ya mbwa au paka wake mzee hajui aamue nini.

Ile ya kwanza ilikuwa usaha kwenye kizazi. Sikuwahi kumfunga kizazi na hilo linaniuma hadi leo, maana ingezuia yote. Wiki kama 5 baada ya kutoka kwenye joto, yani kipindi cha kutaka dume, akaanza kunywa maji mno, anakojoa kila saa, chakula hagusi, tumbo linajaa. Nyumbani wote wakasema muache tu mzee huyo, nusu kaputi itamuua. Dokta akasema umri wenyewe si ugonjwa, tupime damu kwanza ndo tuongee. Figo ziko sawa, ila chembe za kugandisha damu ziko chini, ugonjwa wa kupe huo, na akipasuliwa hivyo anaweza kutoka damu nyingi, na hapa Dar sijui ni mbwa gani hajawahi kuumwa na kupe. Kusubiri atibiwe huo ugonjwa wa kupe wiki nne haikuwezekana, kizazi kikishajaa usaha vile mnyama hana wiki nne, basi jirani yangu akaleta dume lake kubwa likakaa pale kliniki tayari kutoa damu, Mungu ambariki yule baba. Kizazi kikatolewa chote na ugonjwa ukaisha palepale. Wiki mbili baadaye nyuzi zimetoka na yeye yuko getini anabwekea bodaboda.

Ndo maana ile operesheni ya pili ilinichanganya, nilijua inawezekana. Asubuhi moja kashindwa kusimama, ufizi mweupe kabisa. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye bandama na damu imevujia tumboni. Mbwa anaishi vizuri tu bila bandama kwahiyo nilishaanza kupiga simu za kukopa, kumbe dokta anataka eksirei ya kifua kwanza. Mapafu yote madoa, dalili kwamba uvimbe umeshasambaa. Yani tungetoa bandama na kilichomo kifuani kingebaki vilevile, halafu siku chache alizobakiza angezimalizia kwenye mshono na kola shingoni. Nikasema hapana, nikalia pale pale.

Sasa wewe, kabla hujalipia operesheni lipia vipimo, damu na hiyo eksirei ya kifua, hasa kama ni uvimbe, hata kama hela ni ya kuungaunga. Halafu muulize dokta waziwazi hii inaondoa ugonjwa au inasogeza siku, na siku hizo zitakuwaje. Uliza pia usiku nani anabaki na mgonjwa, kliniki nyingi wakishafunga hakuna mtu, na mnyama mzee akitoka kwenye nusu kaputi anahitaji joto, dripu, na mtu wa kumwangalia anavyopumua. Na tafadhali usimpe dawa zako za maumivu ukimhurumia, diklofenaki inaharibu figo na tumbo la mbwa, panado kwa paka ni sumu kabisa. Wanaosema ni mbwa tu huyo usibishane nao, nguvu hizo utazihitaji.

Mwili uliifyonza ile damu taratibu, jioni ya siku ya pili Tausi akasimama mwenyewe. Tukapata siku 19. Alikula maini kila siku, akalala chini ya mwembe, wanangu wakishindana nani amchane. Siku ya 20 nilifungua geti hakuinua kichwa, nikampigia dokta aje na ile sindano ya kumpumzisha, akaja saa kumi na moja jioni, tukamfanyia palepale chini ya mwembe kichwa chake kikiwa mapajani kwangu.