Mwashoki ukikauka ncha, tatizo liko chini

SWALI: Nina kiwanja kidogo Kibaha. Miaka mitatu iliyopita nilipanda miashoki sita, ile miti ya mapambo mirefu na myembamba, kando ya ukuta. Sasa miwili inakauka kuanzia juu, na majani yake ya chini yameungua ncha. Fundi wa bustani anasema tuikate vichwa yote ilingane, eti shina litapata nguvu, kisha tumwage urea. Nikubali?

JIBU: Usikubali. Hiyo minne mizima panga lisiiguse kabisa.

Swali hili haliishi, na kila mara kuna fundi aliyesema "kata kichwa". Umbo la mnara la mwashoki linashikiliwa na chipukizi moja la kileleni. Likikatwa, macho ya kuchipulia yaliyolala chini yake huamka matatu au manne kwa mpigo, na kila moja hutaka kuwa shina. Mti hupanuka juu kama fagio, na vishina hivyo vikishanenepa hupasukia kwenye maungio siku ya upepo mkali. Hiyo habari ya shina kupata nguvu haina ukweli wowote. Mizizi hulishwa na majani, kwa hiyo anayeondoa mita nzima ya majani mabichi anaunyima chakula mti ambao tayari unaugua. Urea nayo, ikimwagwa kwenye mizizi dhaifu na udongo mkavu, huiunguza.

Kwanza hakikisha kilichokauka kimekauka kweli. Majani machanga ya mwashoki huwa na rangi ya shaba, laini, yamelegea. Huo si ugonjwa. Jani lililokufa huvunjika ukilifinya. Kwangua gome kwa ukucha: kijani ni hai, kahawia kavu ni mfu.

Kisha piga magoti ufukue shingo ya mti kwa mkono, taratibu. Shina linatakiwa kutanuka kidogo pale linapogusa udongo, na mizizi ya kwanza ionekane karibu na juu. Likizama ardhini kama nguzo ya umeme, mti ulipandwa kwa kina mno. Ondoa udongo mpaka uione hiyo mizizi. Ukikuta nailoni nyeusi ya kiriba, ule mfuko mche uliooteshewa, umempata mchawi. Wapandaji wengi huchana kiriba kitakoni tu na kukifukia, wakidai udongo usimwagike. Mizizi huzunguka humo humo hadi inalikaba shina, na kiangazi kikija, kilele ndicho cha kwanza kukosa maji.

Chana kiriba ukitoe. Mzizi unaozunguka shina, kama ni mwembamba kuliko kidole gumba, ukate kwa mkasi wa kupogolea. Fanya hivyo masika yanapoanza, mti upate muda wa kupona. Kama mizizi minene imekwisha kulizunguka shina pande zote, ng'oa mti huo, kisha panda mwingine. Juu, ondoa sehemu kavu pekee hadi penye kijani, juu kidogo ya chipukizi zuri. Lifunge hilo kwenye ufito wa mwanzi kwa utepe wa mpira, na wenzake wanaoshindana nalo uwaondoe wakiwa bado laini.

Chunguza pia kama kando ya ukuta kuna kifusi. Mabaki ya saruji hufanya udongo uwe na chokaa nyingi, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo chimbua kifusi, ujaze udongo wa juu na samadi iliyooza.

Wanaotaka kupanda wasidanganywe na wembamba wa mti wakadhani mizizi nayo ni myembamba. Wauzaji wa barabarani husema nusu mita toka ukutani inatosha. Wao hawatakuwepo ukuta utakapopata ufa. Acha mita 2 toka ukutani, mita 4 au zaidi toka shimo la maji taka, na mita 1.5 kati ya mti na mti. Shimo liwe na upana wa sentimita 60, lakini kina kisizidi kimo cha udongo wa kiriba. Toa kiriba chote, chana pande za bonge la mizizi mara tatu, uchanganye debe moja la samadi iliyooza na udongo wa kufukia. Lita 20 za maji mara mbili kwa wiki, viangazi viwili vya mwanzo. Na mche wa mita tatu uliojaa kwenye kiriba kidogo, hata ukipunguziwa bei, uache kitaluni. Wa mita moja wenye mizizi iliyonyooka utaupita.